Mgonjwa Wako Amepewa Rufaa ya Hospitali ya Mafunzo Nairobi: Fanya Hivi

Simu hizi haziishi. Wiki hii ni binamu yangu aliye Kitui, wiki iliyopita alikuwa jirani wetu wa zamani aliyehamia Busia, na swali ni lile lile: mama amepewa barua ya kwenda Kenyatta, sasa tuanzie wapi? Mimi si daktari. Ni mkazi wa Nairobi ambaye nyumba yake iko karibu na hospitali, na kwa sababu hiyo pekee nimekuwa msindikizaji wa wagonjwa wa ukoo mzima kwa zaidi ya miaka kumi. Majibu ambayo nimekuwa nikiyatoa kwa simu, mara nyingi usiku na kwa haraka, nimeyapanga hapa ili mwenye kuyahitaji ayasome kabla hajapanda gari.

Jambo moja lieleweke kwanza, kwa maana ndilo linalowakanganya wageni wengi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na tangu shule ya udaktari ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1967 imekuwa pia darasa. Kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko katika eneo hilo hilo, na KMTC, chuo kinachowafunza wauguzi na maafisa wa kliniki, kiko jirani. Kwa hiyo ndani ya wodi moja kunafanyika kazi tatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Mtu mwenye koti jeupe anayesimama kando ya kitanda cha mama yako anaweza kuwa amekuja kwa kazi yoyote kati ya hizo, na namna ya kumjibu hutegemea ni ipi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo hilo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Weka vitu hivi katika bahasha moja kubwa, ile ya kaki inayofungwa kwa uzi:

- Barua ya rufaa yenyewe, pamoja na nakala 2.
- Kitambulisho cha mgonjwa, au cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto, na kitambulisho cha msindikizaji.
- Matokeo yote ya vipimo, hata ya zamani, yakiwa yamepangwa kwa tarehe, ya karibuni yakiwa juu.
- Picha za eksirei au za skani. Ikiwa ulipewa sidii, hakikisha inafunguka katika kompyuta kabla hujasafiri.
- Dawa anazotumia, zikiwa katika pakiti au chupa zake, pamoja na za kienyeji na za kununua dukani.
- Karatasi moja uliyoandika mwenyewe: ugonjwa ulianza lini, ukaendeleaje, ametibiwa wapi, ana mzio wa dawa gani. Mistari mitano au sita inatosha.
- Chakula, maji, sweta na chaja ya simu. Benchi za kliniki hazina huruma kwa mtu mwenye njaa.

1. Soma barua ya rufaa, usiibebe tu

Barua nzuri ina jina na umri wa mgonjwa, ugonjwa unaoshukiwa, vipimo vilivyofanywa, dawa alizopewa, sababu ya kumtuma, idara anayotumwa, na jina, saini, mhuri na nambari ya simu ya aliyeiandika. Ikiwa kimojawapo kinakosekana, rudi dirishani uombe kiongezwe kabla hujaondoka, kwa kuwa kulirekebisha kosa hilo ukiwa tayari uko Nairobi ni kazi ya siku mbili. Barua ya mjomba wangu ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa apelekwe kwa uchunguzi zaidi. Hospitali iliyoiandika sitaitaja. Vipimo vyote alivyokuwa amefanyiwa huko vilirudiwa, na tukalipa mara ya pili, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika kwamba viliwahi kufanywa.

Usiruke ngazi ikiwa hakuna dharura. Vituo vya afya vya Kenya vimepangwa kuanzia ngazi ya 1, ambayo ni ya kijiji na jamii, hadi ya 6, ambayo ni ya rufaa ya kitaifa, na hospitali ya ngazi ya 6 haikujengwa kwa ajili ya homa wala kuangalia presha. Mkazi wa Nairobi anayeanza safari yake katika hospitali ya Mbagathi au ya Mama Lucy Kibaki, akapata barua kutoka huko, mara nyingi husaidika upesi kuliko yule anayejitokeza moja kwa moja kwenye lango kuu.

Tahadhari: dharura haihitaji barua. Aliyegongwa na gari, anayetokwa na damu nyingi, aliyepooza ghafla upande mmoja au anayeshindwa kupumua apelekwe kituo kilicho karibu zaidi chenye uwezo, hata kama si hospitali kubwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inarudia jambo hilo.

2. Hakikisha ni Kenyatta gani

Hili huonekana dogo mpaka likukute. Kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoko Upper Hill karibu na barabara ya Ngong na ya Mbagathi, na kuna Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoko Kahawa kando ya Northern Bypass, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2019. Zote ni za umma, zote hufundisha, na mji mzima uko katikati yake. Watu wa nyumbani huziita zote Kenyatta, na makondakta wa matatu pia hawawezi kukusaidia ikiwa wewe mwenyewe hujui unakokwenda. Soma jina lote lililo kwenye barua, kisha umwambie kondakta Upper Hill au Kahawa.

3. Tengeneza mambo ya SHA mapema

Tangu Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya zamani, na kadi ya zamani ya NHIF haitoshi. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147# au katika kituo cha afya. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi na ambacho kwa kawaida hutakiwa cha mwaka mzima. Kujisajili peke yake si kulipa. Nimeona familia zikifika dirishani zikiwa na ujumbe wa usajili kwenye simu, zikidhani mambo yamekwisha, kumbe mchango haujalipwa hata senti.

Uliza pia, kabla ya kila kipimo kikubwa, ni kiasi gani kitalipwa na SHA na ni kiasi gani kitatoka mfukoni mwako.

4. Pata siku ya kliniki

Kliniki za mabingwa huwa na siku zake, kwa kuwa baadhi ya wanaozisimamia ni wahadhiri wa chuo kikuu ambao siku nyingine huwa darasani au katika chumba cha upasuaji. Kwenda Alhamisi kwa kliniki ya Jumanne ni kupoteza nauli. Piga simu, au mtume ndugu aliye Nairobi apeleke nakala ya barua na kuulizia tarehe, na akupe jibu lililoandikwa wala si la kukisia. Siku yenyewe fika alfajiri. Mgonjwa akishafunguliwa faili, nakili nambari ya faili hilo mahali pawili, mojawapo iwe nyuma ya barua, kwa kuwa bila nambari hiyo hata muuguzi mwenye moyo mwema hatakuwa na la kukufanyia.

5. Mtambue kila anayekuja

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uisome mara mbili.

Mwanafunzi wa udaktari husoma kwa takribani miaka 6, na katika miaka ya mbele huja wodini kwa makundi. Yeye huuliza, hupima, huandika na kusikiliza, lakini haandiki dawa wala hafanyi uamuzi. Akimaliza chuo huwa daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja: huyo hutibu, lakini chini ya usimamizi, na ndiye atakayetoa damu, atakayefuatilia majibu na ambaye mara nyingi utamwona saa nane za usiku. Juu yake kuna daktari anayesomea ubingwa, ambaye tayari ni daktari kamili na amerudi shule kwa miaka isiyopungua 3 ili awe mtaalamu wa watoto, wa upasuaji, wa uzazi na kadhalika. Kwa uzoefu wangu huyu ndiye anayemfahamu mgonjwa wako kuliko mtu mwingine yeyote katika wodi. Juu kabisa yuko daktari bingwa, ambaye huenda pia ni mhadhiri au profesa, na uamuzi mkubwa hutoka kwake.

Tofauti na hao wako wauguzi, maafisa wa kliniki, wafamasia na wataalamu wa lishe na wa mazoezi ya viungo, ambao nao huwa na wanafunzi wao.

Hakuna ubaya kuuliza. Sema kwa heshima: "Samahani daktari, tungependa kukufahamu. Wewe ni mwanafunzi, au ndiye unayemtibu mama?" Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa swali hilo. Ninachokiona mara nyingi ni familia inayomwuliza mwanafunzi wa mwaka wa nne iwapo baba atapona, kisha inakaa na jibu lake la wasiwasi wiki nzima.

6. Amua mapema namna ya kuwapokea wanafunzi

Mgonjwa ana haki ya kukataa kupimwa na wanafunzi, na kukataa huko hakupaswi kubadilisha matibabu yake. Anaweza pia kukubali sehemu tu: waulize maswali lakini wasinipime, waje wawili wala si wanane, asiwepo mwanamume wakati wa uchunguzi wa uzazi. Kwa uchunguzi wa sehemu za siri, mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo na pazia livutwe.

Hata hivyo, ushauri wangu ni kuwakubali pale mgonjwa anapokuwa na nguvu. Mwanafunzi ana kitu kimoja ambacho bingwa hana, nacho ni muda. Shangazi yangu aliletwa kwa sababu figo zilikuwa zinalegea, na madaktari watatu walikuwa wamekwisha kumwuliza anatumia dawa gani, naye akawajibu kwamba ni za presha tu. Kisha akaja msichana mmoja mwembamba, mwanafunzi, akaketi kwenye ukingo wa kiti kwa karibu saa nzima, akimwuliza habari za shamba, za wajukuu, za kuamka usiku. Katikati ya mazungumzo hayo akasema: "Mama, na magoti yakikuuma, huwa unayafanyaje?" Shangazi akafungua fundo la leso yake, akatoa vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Vilikuwa vya kutuliza maumivu, vya kununua dukani, na alikuwa akivimeza kila siku kwa miaka minne. Kwake hiyo haikuwa dawa; ilikuwa kitu cha magoti. Dawa za aina hiyo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuharibu figo, hasa za mtu mwenye presha, na asubuhi iliyofuata jambo la kwanza lililozungumzwa katika raundi, yaani madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, lilikuwa lile fundo la leso.

Ndiyo maana nilisema uzibebe dawa zote.

7. Tumia raundi vizuri ikiwa mgonjwa amelazwa

Asubuhi bingwa hupita kitanda kwa kitanda akifuatwa na kundi lake, na mmoja wa vijana humweleza habari za mgonjwa kwa Kiingereza na kwa maneno ya kitabibu. Mgonjwa asiyejua hudhani anahukumiwa. Mweleze mapema kwamba hilo ni somo na pia ni uamuzi wa siku hiyo, na kwamba maneno mengine yanayotajwa ni magonjwa yanayofikiriwa ili yaondolewe, wala si aliyo nayo. Raundi ikiisha, mgonjwa aombe aelezwe kwa Kiswahili mambo matatu: wameamua nini, kwa nini, na ni lini kitafanyika.

Familia ichague msemaji mmoja. Ndugu watano wakiuliza swali moja kwa madaktari watano watapata majibu matano, na usiku huo kundi la WhatsApp la ukoo halitalala. Msemaji awe na daftari, aandike tarehe, jina la aliyesema na alichosema. Katika jengo refu la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, jina la wodi huwa nambari ya ghorofa na herufi, kwa hiyo wape wageni jina kamili la wodi, la sivyo watapanda na kushuka ngazi mpaka saa ya kuwaona wagonjwa ipite.

Jiandaeni pia kuombwa watu wa kutoa damu, hasa kabla ya upasuaji. Anayetoa awe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wa zaidi ya kilo 50, na awe mzima. Damu haiuzwi, mtu akikuuzia chupa ya damu kwenye korido, huyo ni tapeli.

8. Tofautisha karatasi kabla ya kutia saini

Kuna karatasi za aina tatu ambazo hufanana kwa mbali, na wengi huzitia saini kwa pamoja kama wanaopokea mzigo.

Ya kwanza ni ya ridhaa ya matibabu, kwa mfano upasuaji. Hapo uliza ni upasuaji gani, nani ataufanya na nani atamsimamia, una hatari gani, na kuna njia gani nyingine. Kuwa na daktari anayesomea ubingwa mezani si jambo la kutisha. Mwaka 2016 katika hospitali hiyo ya Kenyatta timu kubwa ya mabingwa wa fani mbalimbali iliwatenganisha mapacha walioungana kwa upasuaji wa saa 23, na uwezo wa aina hiyo hulelewa mahali ambapo anayejua hufanya kazi huku anayejifunza akiwa kando yake. Cha kuuliza ni iwapo msimamizi atakuwepo.

Ya pili ni ya picha au video kwa ajili ya kufundishia. Unaweza kuikataa, au kukubali kwa sharti kwamba uso usionekane.

Ya tatu ni ya utafiti, na hiyo ndiyo yenye maswali mengi. Kwanza tuondoe hofu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakishirikiana hapa tangu mwaka 1980, na wanawake wa mtaa wa Pumwani, Nairobi, waliokubali kufuatiliwa kwa miaka mingi waliifundisha dunia mengi kuhusu VVU, kwa kuwa miongoni mwao walikuwepo ambao hawakuambukizwa ingawa walikuwa katika hatari kila siku. Mwaka 2011 wenzi waliojitolea Kenya na Uganda walisaidia kuonyesha kwamba kidonge kinachomezwa kila siku kinaweza kumkinga mtu asiambukizwe na mwenzi wake. Vidonge vinavyotolewa leo katika vituo vya afya vilipita kwanza katika mikono ya watu waliotia saini karatasi kama hiyo.

Lakini utafiti si matibabu yako. Lengo lake la kwanza ni kujibu swali litakalowafaa wengi, na huenda wewe usinufaike. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini:

- Omba karatasi ya Kiswahili au ya lugha unayoielewa, na uisome nje ya msongamano. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa upande wa watafiti, kisha aweke alama ya kidole.
- Uliza wanachotaka: ni maswali tu, ni damu, ni kipande cha mwili, au ni kujaribu dawa? Sampuli zitahifadhiwa kwa muda gani, na je, zitapelekwa nje ya nchi?
- Ikiwa ni jaribio la dawa, uliza kama wagonjwa watagawanywa kwa bahati nasibu, na kama kundi moja litapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake.
- Uliza ni nani atakayelipa ukidhurika.
- Tafuta jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti na simu yake. Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kamati ya pamoja ya kazi hiyo. Karatasi isiyotaja kamati yoyote usiitie saini.
- Dai nakala yako.

Unaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu ya kawaida yaendelee. Mtoto husemewa na mzazi au mlezi, lakini mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa. Huruhusiwi kutozwa pesa ili ushiriki. Kurudishiwa nauli ni kawaida, ila ukiahidiwa donge nono, jiulize ni kwa nini.

Tahadhari: usikubali kutia saini karatasi ya utafiti wakati mgonjwa yuko katika maumivu makali au machela iko njiani kwenda chumba cha upasuaji, kwa sababu tu aliyeileta ana haraka. Mwombe arudi. Wapo wanafunzi wanaosomea ubingwa ambao lazima waandike tasnifu kabla ya kuhitimu, na tarehe yao ya mwisho si dharura yako.

9. Usitoke bila karatasi ya kurudi nayo

Siku ya kuruhusiwa, furaha huwa kubwa na watu husahau. Dai muhtasari wa matibabu ulioandikwa ugonjwa uliopatikana, kilichofanywa, dawa na vipimo vyake, tarehe ya kurudi, na dalili zinazotaka mgonjwa arudishwe mbio. Ipige picha kwa simu. Nakala moja mpelekee daktari aliyekuandikia rufaa, ili dawa na vipimo vya kawaida vifanyiwe nyumbani na usipande basi la usiku kila mwezi kwa ajili ya presha.

Mambo yakikwama

Faili halionekani. Hapa ndipo nambari uliyoinakili na nakala zako zinapofanya kazi. Omba faili la muda lifunguliwe kwa nambari ile ile, usikubali mpya kabisa, la sivyo mgonjwa atakuwa na historia mbili.

Daktari aliyekuwa akikutibu hayupo tena. Wanaojifunza huhamishwa kutoka idara hadi idara kila baada ya muda, wala hajakukimbia. Mpe mpya ile karatasi yako ya mistari sita na umwombe akuambie anaelewaje mpango uliokuwepo.

Madaktari wawili wamesema mambo yanayopingana. Usichague jibu linalokupendeza. Uliza jina la bingwa anayeongoza timu hiyo, lililoandikwa kwenye faili, na umwombe muuguzi msimamizi wa wodi akupangie kuzungumza naye.

Pesa zimekwisha. Usingoje mpaka siku ya kuruhusiwa, wala usimfiche mgonjwa bili. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku za mwanzo, uende na kitambulisho na barua ya chifu inayoeleza hali ya familia. Si kila ombi hukubaliwa, lakini linalopelekwa mapema husikilizwa kwa utulivu zaidi kuliko lile la mtu anayelia mbele ya keshia.

Kijana mmoja kwenye foleni anasema anaweza kukupitisha kwa elfu mbili. Malipo halali yana risiti. Mengine yote ni yako na shetani wako.

Kuna mgomo. Migomo ya wahudumu wa afya hutokea, na wanagenzi wakigoma wodi husimama nusu. Piga simu kabla ya kusafiri, na kwa mgonjwa wa kusafishwa damu au wa saratani, uliza kliniki yake moja kwa moja imepangaje, kwa kuwa habari za redioni husema hospitali imefungwa hata pale baadhi ya idara zinapofanya kazi.

Mgonjwa ametendewa vibaya. Anza na msimamizi wa wodi, kisha ofisi ya malalamiko ya hospitali, kwa maandishi na tarehe. Ikiwa lalama ni kuhusu mwenendo au uzembe wa daktari, baraza linalowasajili madaktari, KMPDC, hupokea malalamiko. Daftari la msemaji wa familia ndilo litakalokutetea huko.

Umeshuka Kenyatta isiyo yako. Hutakuwa wa kwanza. Binamu wa Kitui niliyemtaja alifika Kahawa saa kumi na mbili alfajiri akiwa na barua ya Upper Hill, akaketi kwenye foleni saa mbili nzima kabla ya muuguzi kuisoma. Usimrudishe mgonjwa nyumbani. Piga simu kliniki uliyopangiwa uwaambie uko njiani, mnunulie mgonjwa chai, kisha mvuke mji. Ukifika, nenda moja kwa moja kwa muuguzi wa kliniki umweleze yaliyotokea, na umwonyeshe tiketi ya matatu kama unayo.